Vuga, Mazinde na Lushoto: Miji ya Usambara na Kitabu Kilichoandika Habari Zake

Njia ya magari itokayo Mombo kwenda Lushoto ni ya kilomita 33 tu, lakini katika mwendo huo msafiri huacha nchi moja akaingia nyingine. Mombo iko nyikani, katika joto na vumbi, kando ya reli ya Tanga. Njia ikiisha kuacha uwanda hupanda kwa kujipindapinda ubavuni mwa mlima, bonde likiwa upande mmoja na mwamba upande wa pili, mpaka Soni penye maporomoko ya maji. Na kutoka hapo huendelea kupanda hadi Lushoto, mji ulio juu ya usawa wa bahari kwa mita zipatazo 1,400. Hewa hubadilika, migomba huanza, na miteremko yote imelimwa hata pale ambapo mtu wa pwani angeona vigumu kusimama. Vilele vya juu zaidi vya upande huu wa magharibi hufika karibu mita 2,300.

Wenyeji wa milima hii hawakuhitaji kufundishwa tofauti hiyo na wachora ramani. Kwao nchi ya juu, yenye mvua na migomba, ni Shambaai, na nchi ya chini ni nyika. Na Mshambaa ni yule akaaye Shambaai. Jina Usambara, ambalo sasa limeenea duniani kote, ni namna walivyolitamka watu wa pwani, na Wazungu waliofika kwa msaada wa viongozi na wakalimani wa pwani wakalichukua hivyo hivyo. Jambo hili laweza kuonekana dogo. Lakini ndilo la kwanza katika mengi ya kwamba habari za milima hii zilipitia nyikani na pwani kabla ya kuandikwa, na mwenye kuzitafuta yampasa kulikumbuka kila hatua.

Mgeni akifika Lushoto na kuulizia historia ya mji huonyeshwa majengo ya Wajerumani, na huambiwa kwamba mji uliitwa Wilhelmstal, yaani Bonde la Wilhelm, kwa heshima ya Kaizari wao. Habari hiyo ni kweli, ila ni ya juzi. Mji wa zamani wa nchi hii si Lushoto bali ni Vuga, ambayo haimo katika njia kuu. Mtu hupaswa kuiacha barabara Soni na kuelekea upande mwingine kabisa. Atakapofika hataona kuta wala magofu ya mawe kama yale ya Kilwa au Gedi, kwa kuwa mji wenyewe ulijengwa kwa miti, udongo na majani. Ni mgongo wa mlima uliozungukwa na migomba. Na hata hivyo katika karne ya 19 mahali hapa palitajwa kwa hofu toka Pare hadi mwambao wa Tanga.

Habari ya jinsi Vuga ilivyopata ufalme husimuliwa na Washambaa wote, na kwa wasomaji wa Kiswahili imejulikana zaidi kwa kitabu cha Abdallah bin Hemedi 'lAjjemy kiitwacho Habari za Wakilindi. Mbegha, asema mwandishi huyo, alikuwa mtu wa Nguu, naye alizaliwa kigego, meno yake ya juu yakitangulia kuota. Kwa ajili hiyo ndugu zake walimnyima urithi. Akawa mwindaji wa nguruwe, mwenye mbwa wengi. Kijana wa mtawala mmoja aliyefuatana naye mwituni aliuawa na nguruwe, na Mbegha akakimbia kuokoa roho yake. Akapita porini hata akafika milimani, akawagawia watu nyama, nao wakampa vyakula vya shambani. Akaamua kesi zao, akawaondolea wanyama waliokuwa wakiharibu mashamba. Alipofika karibu na Vuga aliua simba. Watu wakamfanya mfalme, wakampa mke, na mtoto wa mwanamke huyo alizaliwa juu ya ngozi ya simba. Huyo ndiye Bughe. Tangu hapo mfalme wa Vuga huitwa Simba Mwene.

Wataalamu wamebishana kuhusu kiasi cha ukweli uliomo. Steven Feierman, aliyekusanya masimulizi ya wazee milimani katika miaka ya 1960 na kuyatumia katika kitabu chake cha mwaka 1974 juu ya ufalme wa Washambaa, alionyesha kwamba hadithi hii haisomwi vizuri ikisomwa kama orodha ya matukio peke yake. Mbegha hutoka porini akiwa na nyama, na wakulima wana migomba yao. Hubadilishana, na katika kubadilishana huko mtu wa mwituni anageuka kuwa mwenye nchi. Ni maelezo ya ufalme, si safari ya mtu mmoja tu. Hata hivyo haifai kuruka mpaka na kusema kwamba Mbegha hakuwapo. Wakilindi wako, ukoo wao unajulikana, na wazee huhesabu kutoka kwa Mbegha kwenda kwa Bughe, kwa Kinyashi, hata kwa Kimweri ye Nyumbai, ambaye wageni wa Ulaya walimwona kwa macho yao. Yaelekea basi kuwa ufalme ulianza katika nusu ya kwanza ya karne ya 18.

Chini ya Kimweri ye Nyumbai Vuga ilifikia kilele chake. Wanawe walitumwa kutawala kila upande wa milima na Bonde, na hata madiwani wa baadhi ya miji ya Mrima walipata cheo kwa ridhaa yake, ingawa Sayyid wa Unguja naye alikuwa na neno juu yao. Johann Ludwig Krapf alifika kwake kutoka Mombasa mwaka 1848, akarudi mwaka 1852, akitafuta ruhusa ya kuwaleta walimu wa dini. Mwaka 1857 walifuata Richard Burton na John Speke. Burton alikadiria kwamba Vuga ilikuwa na nyumba kama 500 na watu 3,000. Wala hakuruhusiwa kulala ndani ya mji, kwa sababu Vuga haikuwa mahali pa wageni. Ulikuwa mji wa mfalme, wa wake zake na wa dawa za mvua. Burton alimwita Kimweri "Sultani", na neno hilo limewapotosha wengi. Sultani wa Unguja alikuwa na merikebu, forodha na kadhi. Zumbe wa Vuga alikuwa na mvua.

Hapo ndipo kwenye kiini cha utawala wa mji huo, nacho kina maneno yake katika Kishambaa. Mfalme aliye peke yake, asiye na mshindani, huweza *kuzifya shi*, kuiponya nchi. Mvua hunyesha na ndizi huzaa. Lakini wakiwapo wawili wenye nguvu wanaoshindana, kila mmoja kwa dawa zake, nchi huharibika, na hilo huitwa *kubana shi*. Msomaji wa Kiswahili ataona kwamba *shi* hiyo si geni kwake, kwani ni ndugu ya nchi yetu na ya *si* na *nsi* za lugha nyingine za Kibantu. Maneno haya mawili hayapewi nafasi kubwa katika masimulizi yaliyoandikwa na watu wa pwani, ambao walihesabu nguvu za mtawala kwa bunduki, watumwa na pembe. Kwa mkulima wa Shambaai swali lilikuwa jingine: je, mvua itanyesha?

Kimweri alifariki mwaka 1862, kwa hesabu ya Feierman. Waandishi waliotangulia walikuwa wakikichelewesha kifo hicho kwa miaka kadhaa. Akarithiwa na mjukuu wake Shekulwavu, aliyekuwa bado kijana. Na hapa ndipo mji wa pili unapoingia katika habari hizi. Semboja, mmoja wa wana wa Kimweri, alikuwa na makao yake Mazinde, chini kabisa ya mlima, nyikani. Kwa mawazo ya zamani hapo si mahali pa mtu mkubwa kukaa. Lakini njia ya misafara kutoka Pangani kwenda Pare na Kilimanjaro ilipita hapo, na kila msafara ulilipa hongo. Semboja alipata bunduki na baruti, akaweka watu wa pwani kuzunguka baraza yake, akavaa mavazi yao na kusema lugha yao. Alipokuwa na nguvu za kutosha alimfukuza Shekulwavu kutoka Vuga, naye Shekulwavu akafa ugenini.

Jambo la kushangaza ni kwamba Semboja, baada ya kuishinda Vuga, hakuhamia Vuga. Alimweka huko mwanawe Kimweri Maguvu awe Simba Mwene, na yeye mwenyewe akabaki Mazinde na misafara yake. Mtu angeweza kusema kwamba alijua cheo kiko wapi na mali iko wapi, akavitenga. Lakini kuvitenga huko ndiko kulikouvunja ufalme. Huku mashariki Wabondei waliinuka dhidi ya Wakilindi katika vita vijulikanavyo kama Kiva. Wakawafukuza, wakawaua au kuwauza wengi wao pwani. Jamaa za Shekulwavu, na baadaye mwanawe Kinyashi, waliendelea kupigana na nyumba ya Semboja kwa karibu miaka ishirini na mitano. Raia walitekwa na kuuzwa na pande zote. Biashara ya watumwa, ambayo zamani haikuwa na nafasi kubwa milimani, ikawa njia ya kupatia baruti, na baruti ikawa njia ya kuwapatia watumwa wengine. Waliokumbuka miaka hiyo hawakuiita vita vya urithi tu. Kwao ilikuwa nchi iliyobanwa.

Sasa yafaa kurudi kwa mwandishi. Abdallah bin Hemedi hakuwa Mshambaa wala hakukaa Vuga. Alikuwa mtu wa pwani, mwenye nasaba ya Kiajemi kama jina lake lionyeshavyo, naye alikuwa pamoja na Semboja akimwandikia barua zake. Kitabu chake kilipigwa chapa kwa sehemu na Wamisionari wa Magila tangu mwaka 1895 hadi 1907: kazi ya Mwislamu iliyotoka katika mtambo wa Wakristo, jambo ambalo pande zote mbili zastahili kusifiwa kwalo. J. W. T. Allen alikitengeneza upya kwa wasomaji wa leo, na East African Literature Bureau ikakitoa kwa Kiswahili mwaka 1962, na tafsiri ya Kiingereza mwaka uliofuata. Ni miongoni mwa vitabu vikubwa vya kwanza vya nathari katika lugha hii vilivyotungwa na mwenye lugha, na Kiswahili chake, kilicho safi na chepesi, bado ni shule kwa mtu atakaye kujifunza kusimulia.

Kwa sababu ya uzuri huo kimesomwa mara nyingi kana kwamba ni sauti ya Shambaai yenyewe. Hapo pana hatari. Mwandishi aliwasikiliza wazee, na hakuna sababu ya kumdhania hila. Lakini alikuwa ameketi Mazinde. Mambo ya miaka ya 1860 na kuendelea aliyapata karibu na chanzo chake, na sehemu hizo zina thamani ya ushahidi ambayo haipatikani penginepo. Ila ni ushahidi wa upande mmoja wa mlima, upande wa njia ya misafara, nao wasimulia zaidi shauri na hila za wakuu kuliko njaa za walimaji. Kuhusu Mbegha na Bughe, alipokea masimulizi ambayo yalikuwa yamekwisha kupita vinywa vingi, akayapa mpango wa hadithi nzuri ya pwani, yenye majibizano marefu na maneno ya adabu ambayo huenda mwindaji wa nguruwe hakuyasema. Mwenye kuyatumia majibizano hayo kama nukuu za karne ya 18 atakuwa amekosea. Mwenye kuyatumia ili kujua jinsi mtu mwerevu wa pwani, mwishoni mwa karne ya 19, alivyouelewa ufalme wa bara, atafaidi sana. Tena yampasa kuweka kando yake masimulizi yaliyokusanywa baadaye vijijini, yenye mambo ya mvua na matambiko ambayo mtu wa Mazinde hakuyaona au hakuyapa uzito.

Wajerumani nao walianza kwa Mazinde. Mwaka 1888 Hans Meyer na Oscar Baumann walipoingia Usambara, wapagazi wao walitoroka na mizigo yao mingi ikaishia kwa Semboja. Nao wenyewe wakishuka pwani walitekwa na watu wa Abushiri na kukombolewa kwa fedha. Vita vya Abushiri vilipokwisha Semboja alipatana na Wajerumani, kituo chao kikawekwa Mazinde. Ukapita muda mfupi. Mwaka 1895 Semboja alikufa. Mwaka huo huo mwanawe Mputa, aliyemrithi Kimweri Maguvu huko Vuga, alinyongwa na Wajerumani. Mahali pake wakamweka Kinyashi, mwana wa Shekulwavu, adui wa nyumba ile tangu utotoni. Hivyo waliopiganiwa miaka yote hiyo wakarudi Vuga kwa amri ya mgeni. Mwaka 1898 mji wa Vuga uliungua, na haukurudi tena kuwa mji ule wa nyumba mia tano. Kinyashi aliacha utawala mwaka 1903.

Ni katika miaka hiyo hiyo Wajerumani walipoacha joto la Mazinde na kupanda juu kujenga boma katika bonde la Lushoto. Hawakupachagua kwa ajili ya simba wala mvua. Walipachagua kwa ajili ya baridi. Reli iliyoanzwa Tanga mwaka 1893 ilifika Muheza mwaka 1896 na Mombo mwaka 1905. Na kwa hiyo mtumishi wa serikali aliyechoshwa na homa za pwani aliweza kufika Wilhelmstal kwa gari moshi na kisha kwa barabara ya mlimani. Walowezi walichukua mashamba, misitu ya Shume ikakatwa na mbao kuteremshwa uwandani kwa waya hadi Mkumbara, na huku mashariki, Amani, kikaanzishwa mwaka 1902 chuo cha uchunguzi wa mimea. Mji mdogo ukaota mahali ambapo Washambaa hawakuwahi kuwa na mji.

Waingereza walipoiteka nchi mwaka 1916 waliona hewa hiyo hiyo kuwa nzuri, na utawala wao wa kiraia ulikaa kwanza hapo kabla ya kuhamia Dar es Salaam mwaka 1919. Kwa muda mfupi, basi, mji huu mdogo wa milimani ulikuwa makao ya serikali ya sehemu kubwa ya Tanganyika, jambo ambalo wakazi wake wachache husimulia. Jina la Kaizari likaondolewa, likarudi la bonde. Na hilo ni jina lenye faida kwa mchunguzi wa lugha, maana *lu-* yake ni kiambishi kile ambacho katika Kiswahili kimebaki *u-* tu, kama katika *ulimi* na *ukuta*. Mtu asemaye "Lushoto" husema Kishambaa bila kujua.

Mfumo wa kutawala kwa kupitia watawala wa jadi ulipoletwa, Kinyashi alirudishwa Vuga mwaka 1926, akaondoka tena mwaka 1929. Kiti kilikuwa Vuga lakini amri zilitoka Lushoto, na wenyeji walielewa vizuri mpango huo kwa kuwa waliwahi kuuona: Semboja alikuwa ameufanya kutoka upande wa chini. Uzito wake ulionekana baada ya Vita vya Pili vya Dunia. Wataalamu wa serikali waliona kwamba miteremko inamomonyoka, na kwa kweli ilikuwa ikimomonyoka. Wakaamuru, kuanzia bonde la Mlalo na kisha Usambara kwa jumla, kila mlimaji achimbe matuta katika shamba lake. Kazi ilikuwa ngumu mno, na sehemu kubwa iliwaangukia wanawake. Mashamba yenyewe yalikuwa madogo, na wengine hawakuwa na hakika kama ardhi watakayoitengeneza itabaki yao. Mwaka 1947, katika njaa na manung'uniko, Shebughe Magogo aliondoka kitini, akafuatwa na Mputa Magogo. Naye alipolazimika kuwahimiza watu kuhusu matuta, wengi walimwona kuwa mtu wa Lushoto. Watu walikataa, wakashtakiwa, wakatozwa faini, wakakataa tena; chama cha TANU kilipokuja milimani kiliwakuta wamekwisha kujifunza kukataa. Mpango wa matuta uliachwa katika mwaka 1957 na 1958. Mputa Magogo alikuwa wa mwisho, kwa kuwa baada ya uhuru, mwaka 1963, vyeo vya watawala wa jadi vilifutwa kwa sheria katika Tanganyika nzima.

Katika mabishano hayo ya matuta wazee hawakusema juu ya udongo peke yake. Feierman, katika kitabu kingine cha mwaka 1990, ameeleza jinsi maneno ya kale ya kuiponya nchi na kuiharibu yalivyorudi vinywani mwa wakulima, safari hii yakimhusu bwana shamba, jumbe na gavana. Ofisi ya Lushoto iliandika habari za mmomonyoko kwa mita na ekari. Vijijini iliulizwa nani ameibana nchi. Barua na taarifa za ofisi zimehifadhiwa na husomwa kwa urahisi. Maneno ya vijijini yalipaswa kutafutwa kwa miguu, kwa mtu mmoja mmoja, na wengi wa waliokuwa wakiyajua wamekwisha kufa.

Mazinde leo ni mahali pa mkonge na barabara kuu, na abiria wa mabasi ya Arusha hupita bila kugeuza shingo. Lushoto ina mahakama yake, soko lake la mboga ziendazo Tanga na Dar es Salaam, na chuo cha kufundishia maofisa wa mahakama. Njia ya kwenda Vuga bado huanzia Soni.